UCHAMBUZI: Mnunuzi wa ploti kwa awamu asingoje malipo ya mwisho ndipo adai hesabu

MALI bila daftari, walinena wahenga, hupotea bila habari. Methali hii aghalabu hutajwa kwa wenye maduka, lakini inawahusu vilevile wananchi wa kipato cha chini wanaonunua ploti au nyumba kwa kulipa kidogo kidogo, mwezi baada ya mwezi, bila kujua kwa hakika wamelipa kiasi gani na wamebakisha deni gani.

Ngaremara ni miongoni mwa mahali ambapo suala hili lina uzito wa kipekee. Wadi hii ya eneobunge la Isiolo Kaskazini iko kando ya barabara kuu inayotoka mjini Isiolo kuelekea Archer's Post, Marsabit na Moyale. Kwa miaka mingi ilijulikana zaidi kwa malisho na manyatta za wafugaji, wengi wao Waturkana.

Hali ilianza kubadilika barabara hiyo ilipotiwa lami. Mpango wa LAPSSET ulipozinduliwa Lamu mnamo Machi 2012, na Isiolo ikatajwa kuwa mojawapo ya vituo vyake vikuu, matumaini ya thamani ya ardhi yalipanda. Ardhi iliyokuwa ikipimwa kwa mwendo wa mifugo ikaanza kupimwa kwa futi 50 kwa 100.

Mnunuzi wa kawaida wa ploti kama hiyo hana pesa za kulipa mara moja, wala hana hati ya mshahara itakayomridhisha meneja wa benki. Anachoweza ni kutoa arbuni, kukubaliana na muuzaji kuhusu malipo ya kila mwezi, kisha kuanza kujenga chumba kimoja huku akilipa. Mkataba huandikwa kwenye karatasi ya daftari la shule, mashahidi wawili hutia sahihi, na pande zote mbili huagana kwa furaha.

Tatizo huanza baadaye, wakati ambapo mnunuzi anaamini amekaribia kumaliza nayo hesabu ya muuzaji ikionyesha kwamba safari bado ni ndefu. Hapo ndipo swali ambalo lingeulizwa mwezi wa tatu huulizwa mwezi wa ishirini, na huulizwa kwa hasira.

HESABU MBILI, PLOTI MOJA

Ili kuelewa jinsi ugomvi huu unavyozaliwa bila ya mtu yeyote kuwa mwizi, na tuchukue mfano wa kubuni. Bei ya ploti ni Sh450,000. Arbuni ni Sh90,000. Salio la Sh360,000 litalipwa kwa miezi 24, Sh15,000 kila mwezi.

Miezi 20 imepita. Mnunuzi anahesabu hivi: alitoa arbuni Sh90,000, alituma awamu 17 kwa M-Pesa, ambazo ni Sh255,000, awamu mbili, Sh30,000, alimkabidhi ndugu ya muuzaji taslimu kwa kuwa mwenyewe alikuwa safarini, na mwezi mmoja alipokosa pesa alitoa mbuzi watatu wa Sh5,000 kila mmoja. Jumla ni Sh390,000. Kwake yeye, deni lililobaki ni Sh60,000.

Daftari la muuzaji linasema mengine. Lina arbuni na awamu 17, basi, jumla Sh345,000. Pesa za ndugu hazikumfikia. Mbuzi aliwapokea, lakini kulikuwa na harusi nyumbani na aliwachukulia kuwa mchango wa jirani mwema. Isitoshe, alimlipa mpimaji wa ardhi Sh20,000, na kuna miezi mitatu iliyochelewa ambayo anaitoza faini ya Sh1,000 kila mmoja. Kwake yeye, deni ni Sh128,000.

Tofauti kati ya hesabu hizo mbili ni Sh68,000. Ukiichambua, utaona kwamba imetokana na maswali matatu ambayo hayafanani.

La kwanza ni la wakala: je, ndugu ya muuzaji alikuwa na idhini ya kupokea pesa? La pili ni la thamani: je, mbuzi walikuwa malipo au zawadi? La tatu ni la makubaliano: je, gharama ya mpimaji na faini ya kuchelewa ziliandikwa katika mkataba, au zilizaliwa njiani?

Kila mojawapo ya maswali hayo lina jibu rahisi likiulizwa katika wiki ambayo jambo lilitokea. Ndugu angali anakumbuka, mbuzi wangali zizini, mpimaji angali na nakala ya risiti yake. Likiulizwa baada ya mwaka mzima, kila upande huwa umekwisha kuamini kumbukumbu yake kuwa ndiyo ukweli.

Hii ndiyo sababu kudai hesabu si kumtuhumu muuzaji. Ni kuzuia kumbukumbu mbili zisigeuke kuwa uadui wa nyumba mbili zinazochota maji mahali pamoja.

SHERIA INASEMA NINI

Wengi hudhani kwamba kwa vile wamelipa pesa, sheria itawalinda bila ya wao kufanya lolote. Hali halisi ni tofauti kidogo.

Tangu Juni 1, 2003, yalipoanza kutumika marekebisho ya kifungu cha 3(3) cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, mkataba wa kuuza ardhi sharti uwe wa maandishi, utiwe sahihi na pande zote, na kila sahihi ishuhudiwe na mtu aliyekuwepo ikitiwa. Sheria ya Ardhi ya 2012 inasisitiza jambo hilo hilo. Mapatano ya mdomo mbele ya wazee yana heshima yake katika jamii, lakini ni msingi dhaifu wa kesi.

Sheria hiyo ya 2012 inampa pia kinga mnunuzi ambaye amekwisha kuingia katika ardhi. Chini ya kifungu cha 39, muuzaji anayetaka kuvunja mkataba kwa sababu mnunuzi ameukiuka hawezi kumtimua kwa nguvu. Ama airejeshe ardhi mikononi mwake kwa amani, ama apate amri ya mahakama. Mnunuzi naye ana haki ya kuiomba mahakama imwondolee makali ya kuvunjwa kwa mkataba huo.

Hata hivyo, hakuna kifungu cha Sheria ya Ardhi kinachomlazimu muuzaji wa kibinafsi kumtumia mnunuzi taarifa ya malipo kila mwaka. Sheria ya ununuzi wa bidhaa kwa awamu, Sura ya 507, haimsaidii mnunuzi wa ploti kwa kuwa inahusu vitu vinavyohamishika. Chini ya sheria hiyo, mtu akishalipa thuluthi mbili za bei ya cherehani, mwenye mali hawezi kuichukua tena ila kwa kwenda mahakamani. Mnunuzi wa ploti hana kipimo kama hicho cha thuluthi mbili.

Kwa hivyo, haki ya kupata hesabu inapaswa kuandikwa katika mkataba wenyewe. Sentensi moja yatosha: kwamba muuzaji atatoa risiti kwa kila malipo, na kwamba mara moja kila miezi mitatu pande zote zitatia sahihi taarifa inayoonyesha kilicholipwa na kilichobaki.

Pasipo sentensi hiyo, mnunuzi bado anaweza kwenda mahakamani. Kanuni za Utaratibu wa Kesi za Madai za mwaka wa 2010, katika Agizo la 20, zinaruhusu mlalamishi kuomba amri ya kutolewa kwa hesabu. Lakini muda haumsubiri mtu. Sheria ya Kikomo cha Muda wa Kushtaki, Sura ya 22, hairuhusu kesi ya kudai hesabu kuhusu jambo lililotokea zaidi ya miaka sita kabla ya kesi kufunguliwa.

Maana yake ni kwamba mtu anayelipa kwa miaka minane bila kuuliza, kisha akaenda mahakamani, huenda akakuta malipo ya miaka miwili ya kwanza hayasikizwi tena katika dai hilo. Na miaka hiyo ya kwanza ndiyo yenye arbuni, ambayo kwa kawaida ndiyo fungu kubwa kuliko yote.

Kwa wenye madai ya kurejeshewa pesa pekee, kuna mahakama ya madai madogo iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Mahakama hii husikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni na hutakiwa kuamua katika siku 60. Lakini haina mamlaka juu ya mzozo wa hatimiliki au wa nani akae katika ardhi. Huo hupelekwa katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, au kwa hakimu aliyepewa mamlaka ya kusikiza kesi za ardhi.

KESI YA WANUNUZI 88

Uamuzi mmoja wa Mahakama ya Rufaa unaonyesha jinsi ushahidi wa malipo unavyoweza kuokoa nyumba. Katika kesi ya Macharia Mwangi Maina na wenzake 87 dhidi ya Davidson Mwangi Kagiri, iliyoamuliwa mwaka wa 2014, wanunuzi walikuwa wameuziwa vipande vya ardhi na kuruhusiwa kuingia. Idhini ya bodi ya kudhibiti ardhi ya kilimo haikuwa imepatikana, na kwa mujibu wa Sheria ya Kudhibiti Ardhi, mauzo yasiyo na idhini hiyo hubatilika.

Mahakama ilikataa kuiacha hoja hiyo iwanyang'anye haki. Ilisema kwamba muuzaji aliyepokea pesa na kuwaingiza watu katika ardhi yake huwa ameishika ardhi hiyo kwa amana kwa niaba yao, na haki haimruhusu kugeuka baadaye na kujificha nyuma ya idhini ambayo haikuombwa.

Si majaji wote walikubaliana na msimamo huo. Mwaka huo huo, katika kesi nyingine, Mahakama ya Rufaa ilishikilia kwamba pasipo idhini hakuna mkataba, na kilichobaki ni kudai pesa zirudi. Mnamo 2018, katika kesi ya Willy Kimutai Kitilit dhidi ya Michael Kibet, mahakama iyo hiyo ilirejelea na kuunga mkono hoja ya amana.

Funzo kwa mkazi wa Ngaremara halimo katika mabishano ya mawakili. Limo katika jambo ambalo pande zote mbili za mabishano hayo zinalihitaji. Iwe mnunuzi anadai ardhi kwa hoja ya amana, au anadai kurudishiwa pesa zake, atahitaji kuthibitisha ni kiasi gani alilipa, lini, na kwa nani. Asiye na hesabu hushindwa kotekote.

CHICAGO NA TEXAS

Suala hili si la Kenya peke yake. Katika miaka ya 1950 na 1960, familia nyingi za Wamarekani weusi mjini Chicago zilinyimwa mikopo ya benki, zikalazimika kununua nyumba kwa awamu moja kwa moja kutoka kwa walanguzi waliozidisha bei maradufu. Hati ya nyumba ilibaki kwa muuzaji hadi senti ya mwisho. Aliyekosa awamu moja aliweza kupoteza nyumba pamoja na yote aliyokwisha kulipa.

Mnamo 1968, wanunuzi wa mtaa wa Lawndale waliunda chama, Contract Buyers League, kwa ajili ya kupigania mikataba mipya. Hatua yao ya kwanza ilikuwa kulinganisha hesabu: nani alilipa kiasi gani, na muuzaji alikuwa ameinunua nyumba hiyo kwa bei gani. Hesabu zilipowekwa mezani ndipo ukubwa wa dhuluma ulipojulikana. Wengi waliafikiana upya na wauzaji, ingawa baadhi ya wale waliogoma kulipa walifukuzwa katika nyumba zao.

Jimbo la Texas baadaye liliandika katika sheria zake kwamba muuzaji wa nyumba ya kuishi kwa mkataba wa aina hiyo sharti amtumie mnunuzi taarifa ya hesabu kila Januari, ikionyesha jumla iliyolipwa na salio lililobaki, na akikosa kufanya hivyo anatozwa faini. Kifungu kama hicho kingelifaa sana hapa Kenya, na hakingemgharimu muuzaji mwaminifu ila karatasi moja kwa mwaka.

Kenya yenyewe haikukosa maonyo. Kampuni za kununua mashamba zilizovuma katika miaka ya 1970 zilikusanya michango ya wanachama maskini kwa awamu, na nyingi ziliishia katika malumbano ya hisa na ya nani alilipa nini. Mnamo 1986 Rais Daniel arap Moi aliamuru zivunjwe na wanachama wagawiwe ardhi. Miongo kadhaa baadaye, baadhi ya migogoro hiyo ilikuwa ingali mahakamani.

HESABU SAFI, ARDHI ISIYO NA HATI

Kuna hatari moja ambayo hesabu pekee haiwezi kuitibu, nayo ndiyo kubwa zaidi Ngaremara. Mnunuzi anaweza kuwa na risiti zote, taarifa zote, na sahihi zote, ilhali muuzaji hakuwa na haki ya kuuza.

Sehemu kubwa ya ardhi ya Kaunti ya Isiolo ni ya jamii na haijasajiliwa. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema ardhi kama hiyo inashikiliwa na serikali ya kaunti kwa amana kwa niaba ya jamii, na kaunti yenyewe imekatazwa kuiuza au kuigeuza kuwa ya kibinafsi. Hata ikishasajiliwa kwa jina la jamii, uamuzi wa kuiuza unahitaji kuungwa mkono na angalau thuluthi mbili za wanachama wa baraza la jamii hiyo. Mtu mmoja, hata awe mzee wa kuheshimika kiasi gani, hawezi kuikata na kuiuza kama mkate.

Ziko pia ploti zinazouzwa kwa barua za ugavi. Katika mji wa Isiolo na viunga vyake, malalamishi ya barua mbili kutolewa kwa ploti moja ni ya miaka mingi. Mnamo Septemba 2023, katika kesi ya Torino Enterprises dhidi ya Mwanasheria Mkuu, Mahakama ya Juu ilisema wazi kwamba barua ya ugavi haimpi mtu umiliki. Ni ahadi tu inayosubiri masharti yake yatimizwe, yakiwemo malipo.

Kwa sababu hiyo, ombi la hesabu linapaswa kuuliza maswali ya aina mbili kwa pamoja. La kwanza: nimelipa nini na nimebakisha nini? La pili: pesa nilizolipa zimeisogeza ardhi hii hatua gani kuelekea jina langu? Kama muuzaji alipokea pesa za kulipia masharti ya barua ya ugavi, risiti ya serikali iko wapi? Kama alipokea za mpimaji, ramani iko wapi?

Muuzaji anayejibu swali la kwanza kwa wepesi lakini akalikwepa la pili amekwisha kumpa mnunuzi habari muhimu kuliko salio. Ni afadhali kuijua habari hiyo deni likiwa limelipwa robo kuliko kuijua nyumba ikiwa imeezekwa mabati.

Ni vyema pia kukumbuka gharama za mwisho ambazo wengi huzisahau wanapopiga hesabu. Ushuru wa stempu, ambao kwa kawaida hulipwa na mnunuzi, ni asilimia nne ya thamani ya ardhi iliyo ndani ya manispaa na asilimia mbili nje yake. Taarifa nzuri ya hesabu itaonyesha kama gharama hizi zimo ndani ya bei au ziko kando.

NAMNA YA KUIOMBA

Ombi la hesabu halihitaji lugha kali wala wakili. Linahitaji maandishi. Mnunuzi aandike barua fupi yenye tarehe, ataje majina ya pande zote, nambari au alama za ploti, tarehe ya mkataba na bei iliyokubaliwa. Kisha aorodheshe malipo yote anayoyajua: tarehe, kiasi, njia iliyotumika, na aliyepokea.

Orodha hiyo ndiyo kiini cha barua. Anayeuliza tu, "Nimebakisha ngapi?" anamwachia muuzaji kalamu. Anayeandika, "Hizi ndizo hesabu zangu, nionyeshe zako pale zinapotofautiana," ameweka msingi ambao muuzaji sharti aujibu. Kimya chake nacho kitakuwa na maana siku ya kesi.

Barua iombe mambo manne: jumla iliyopokewa, gharama au faini zozote zilizoongezwa na kipengele cha mkataba kinachoziruhusu, salio, na hali ya hati za ardhi. Itoe muda wa kujibu, tuseme siku 14. Nakala moja itiwe sahihi na muuzaji kuonyesha ameipokea. Akikataa, ipelekwe kwa posta ya rejista au mbele ya shahidi.

Waliolipa kwa M-Pesa wana bahati ambayo wanunuzi wa kabla ya 2007 hawakuwa nayo. Ujumbe katika simu hupotea simu ikiibwa, lakini taarifa ya akaunti yaweza kuombwa na kuchapishwa. Sheria ya Ushahidi inakubali rekodi za kielektroniki, mradi ziambatanishwe na cheti kinachotakiwa. Waliolipa taslimu hawana budi kuomba risiti papo hapo, hata kama ni mstari mmoja kwenye daftari wenye sahihi ya aliyepokea. Na waliotoa mifugo waandike idadi, thamani iliyokubaliwa, na neno "malipo".

Jambo moja la kuepukwa ni kusitisha awamu kwa sababu tu muuzaji hajajibu. Kufanya hivyo humpa muuzaji kisingizio cha kusema mkataba umevunjwa na mnunuzi. Iwapo kuna sababu nzito ya kushuku kwamba ardhi si ya muuzaji, huo ndio wakati wa kumwona wakili, kisha kusitisha malipo kwa barua inayoeleza sababu, badala ya kunyamaza na kutoweka.

MUUZAJI NAYE ANA YAKE

Ni kosa kudhani kwamba muuzaji ndiye mwenye nguvu siku zote. Katika maeneo ya wafugaji, muuzaji anaweza kuwa mama aliyeuza kipande kimoja ili alipe karo, na mnunuzi akawa mfanyabiashara wa mjini anayelipa anapojisikia. Miaka mitatu baadaye bei ya ploti za jirani imepanda, naye mama bado anangoja nusu ya pesa za bei ya zamani.

Taarifa ya hesabu humlinda mama huyo pia. Inaonyesha ni miezi gani mnunuzi hakulipa, na inamzuia asije akadai baadaye kwamba alikwisha kumaliza. Muuzaji mwenye busara hangoji kuombwa. Huitoa mwenyewe na kuitisha sahihi ya mnunuzi.

Lakini sababu iliyo nzito kuliko zote ni ile ambayo watu hawapendi kuitaja: kifo. Muuzaji akifariki kabla ya awamu ya mwisho, daftari lake huzikwa naye, au huangukia mikononi mwa warithi ambao hawakuwepo siku ya mapatano. Chini ya Sheria ya Urithi, Sura ya 160, hakuna mtu anayeruhusiwa kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya mahakama au ya sheria. Mnunuzi anayeendelea kumlipa mtoto mkubwa wa marehemu kwa mazoea huenda anamlipa mtu asiye na mamlaka ya kupokea, na salio likabaki pale pale.

Mnunuzi akifa, mkewe na watoto hubaki katika chumba cha mabati ambacho hawawezi kuthibitisha kimelipiwa kiasi gani. Karatasi moja iliyotiwa sahihi na watu wawili walio hai ndiyo inayoweza kusema kwa niaba yao.

SERIKALI NAYO NI MUUZAJI

Mjadala huu unapanuka zaidi kwa kuwa serikali yenyewe imeingia kwa nguvu katika biashara ya nyumba za kulipia kwa awamu. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, iliyotiwa sahihi mnamo Machi 2024, iliweka tozo ya asilimia 1.5 ya mshahara, nao waajiri wakatakiwa kuongeza kiasi kama hicho. Wanaofanikiwa kupata nyumba hizo wanatarajiwa kuzilipia kwa miaka mingi.

Mfumo wa mpangaji kuwa mnunuzi si mgeni nchini. Shirika la Kitaifa la Nyumba, lililoundwa mwaka wa 1967, limeutumia kwa miongo kadhaa. Tofauti ni kwamba sasa mlipaji mmoja anaweza kuwa na hesabu mbili kwa wakati mmoja: ya tozo inayokatwa kwenye mshahara, na ya nyumba anayoinunua. Ikiwa serikali inataka wauzaji wa kibinafsi wawe na daftari safi, haina budi kutangulia kwa mfano.

Bunge lina nafasi ya kuziba pengo lililopo. Kifungu kifupi katika Sheria ya Ardhi, kinachomtaka kila muuzaji wa ardhi au nyumba kwa awamu kutoa taarifa ya malipo angalau mara moja kwa mwaka na kila inapoombwa kwa maandishi, kingetosha. Serikali ya Kaunti ya Isiolo nayo ingefanya vyema kuharakisha usajili wa ardhi ya jamii, kwani pasipo usajili huo hata mkataba ulioandikwa kwa makini zaidi umesimama juu ya mchanga.

Hadi hapo, jukumu linabaki kwa wawili waliopeana mikono kando ya barabara ya Moyale. Mwisho wa mwezi huu mnunuzi atatuma awamu nyingine. Kabla ya kuituma ya mwezi ujao, aketi na muuzaji, wafungue madaftari yao mawili, wayasome kwa sauti, na pale yanapotofautiana waandike jibu na kutia sahihi.